Chelewa Ndani ya Tangi

Shemeji yangu hakuwa mtu wa kuingia nyumbani kwetu kwa mlango. Akishuka basi pale Msambweni, alikuwa akipita ubavuni mwa nyumba mpaka kwenye banda la makuti ilipolala pikapu, akifungua kifuniko cha tangi la petroli na kutumbukiza chelewa. Chelewa yenyewe, ule ujiti wa ukuti tunaofanyia mifagio, aliichomoa kwenye fagio langu mimi. Alichagua ndefu iliyonyooka, akaitia alama kwa kisu, na tangu hapo ikawa haiguswi na mtu. Akiitoa tangini huitazama pale ilipolowa, akatikisa kichwa, ndipo akaja ukumbini kunijulia hali.

“Hujambo, shemeji?”

“Mimi sijambo. Mgonjwa wako je, ameamkaje?”

Hacheki! Mimi nimeolewa katika ukoo ambao mashemeji hutaniana mpaka mbavu zikauma, nami nikapewa huyu. Kazi yake ilikuwa bandarini Mombasa, kupima mizigo inayoshuka melini, na nadhani mizani ile ilimwingia damuni. Hata akila wali kwangu nilikuwa nikiyaona macho yake yakiipima sahani.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mzungu mmoja wa Diani alikuwa akifunga virago arudi kwao, anauza viti, vitanda, mbwa, kila kitu, na katika vitu hivyo ilikuwamo pikapu. Ilikuwa ya kijani, kuukuu tangu siku ile tulipoichukua, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya kumbi la nazi. Mume wangu na mdogo wake wakachanga wakainunua pamoja. Fungu kubwa lilitoka kwa mdogo, maana ndiye aliyekuwa na kazi ya mshahara. Uendeshaji ukawa wa mume wangu. Tulikuwa tukichukua mizigo ya watu, nazi, mihogo, maembe, samaki wa kukausha, kutoka Msambweni mpaka Likoni kwenye feri. Mimi nilikuwa nikienda na nazi zangu, nakaa mbele karibu na dirisha, na ule mlango wa kamba ulikuwa ni wangu kuushika kwenye kona.

Nataka mjue pikapu ile ilikuwa nini kwa mume wangu, maana bila hivyo mtaniona natia chumvi. Kabla yake alikuwa kibarua wa kukata miwa huko Ramisi. Alikuwa akirudi jioni mdomo umefungwa, anaoga, anakula, analala. Nilikuwa nimeolewa na mtu ambaye sauti yake sikuijua vizuri. Siku alipokaa kwenye usukani ndipo nilipomsikia. Kumbe mtu ana maneno! Anaimba, anatania, anajua habari za kila mji kutoka Majoreni hadi Ng'ombeni, nani ameoza binti, nani ameangua nazi, nani mguu wake umevimba. Mimi nilimpenda mume wangu ndani ya pikapu ile, na sioni haya kulisema.

Basi siku moja shemeji akaichomoa chelewa, akaitazama, akaja ukumbini na uso wa mtu aliyetoka mazikoni.

“Kaka,” akasema, “gari hili linakunywa. Halinywi kama magari mengine. Mafuta ya kwenda Likoni na kurudi, sisi tunakwenda nayo yanatuishia njiani.”

“Ni la zamani,” mume wangu akajibu.

“Hata ya zamani yana kiasi chao. Kuna mtu wa Taru, mfanyabiashara wa ng'ombe, analitaka. Mimi nimemwambia asubiri msimu wa maembe uishe. Likipunguza kunywa, tutabaki nalo. Lisipopunguza, kaka, tunaliuza.”

Mume wangu aliinamisha kichwa. Akawa anachuna kidole chake pale penye kovu la panga la miwa. Roho iliniuma, nikaenda jikoni nikapiga masufuria makelele mpaka shemeji akaaga.

Ukaanza uganga wa pikapu. Fundi wa Ukunda aliifungua kabureta, akaipuliza, akaifunga. Akabadilisha plagi. Petroli ikaisha vilevile. Shemeji akaja na mafunzo aliyoyapata kwa madereva wa bandarini: tairi zijazwe upepo mpaka ziwe ngumu, gia kubwa itiwe mapema, mguu uwe mwepesi juu ya petroli, na penye mteremko gari liachwe lishuke lenyewe. Mume wangu akayafuata yote, tena kwa adabu. Akaambiwa apunguze uzito. Ikashushwa jeki, likashushwa sanduku la vyuma, ikashushwa hata tairi ya akiba, na wiki ileile tukapata pancha Mwabungu. Jua la saa sita, samaki nyuma wanaanza kujitangaza, na tairi ya akiba iko nyumbani imepumzika kivulini. Siku hiyo niliongea peke yangu mpaka jioni.

Kisha shemeji akasema lazima tangi linavuja. Nikatoka uani nikamkuta ameitandaza kanga yangu mchangani chini ya pikapu, kanga ya Idi, bado ina ugumu wa dukani!

“Ebo! Shemeji! Huna shuka lako?”

“Rangi hii itaonyesha tone likianguka,” akasema, bila hata kuinua uso.

Kanga ilikaa pale kutwa nzima. Ilitoka kavu kama ilivyoingia. Nikaikunja, nikampa shemeji vidonge vyake, akavimeza vyote kimya, kisha akachukua chelewa akaenda kupima tena.

Sasa mimi ninayekaa mbele kila siku, petroli inakokwenda nilikuwa nakujua. Hata mume wangu alikuwa anakujua. Petroli yetu ilikuwa ikienda kwa salamu.

Kwetu huku mtu hampiti mwenzake hivi hivi. Utaulizwa hali yako, ya nyumbani, ya watoto, ya wazee, ya yule aliyekuwa na homa, ya shamba, ya mbuzi, na wewe utajibu kila moja kisha utauliza zako. Ni heshima, na heshima ina muda wake. Mume wangu alikuwa akimwona mzee kando ya barabara, anasimamisha pikapu, anatoa kichwa dirishani, “Shikamoo, mzee,” na mambo yanaanza. Na muda wote huo injini inanguruma. Hapo ndipo tangi lilipokuwa likikauka.

Mtasema, si angezima? Aa, kuzima ni jambo jingine. Gari likinguruma mbele ya nyumba ya mtu, maana yake ni mpita njia, unasalimu na kwenda zako. Ukizima, umefika. Umekuwa mgeni. Na mgeni haachwi barabarani, mwenye nyumba ataona aibu mpaka kesho. Mume wangu alipata kuzima mara moja tu, karibu na Kinondo, kwa mzee mmoja aliyekuwa na sauti ndogo. Lo! Mkeka ukatandikwa. Madafu yakaanguliwa. Tukanyanyuka kuaga, tukasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba, na mtu akishasikia kuku wake anakimbizwa hawezi tena kuondoka, huo utakuwa ni utovu wa adabu. Tulitoka pale alasiri imeshapigwa adhana, tumeshiba, tumechelewa, na mzigo wa watu umechacha. Tangu siku hiyo injini haikuzimwa mbele ya nyumba ya mtu.

Mrefu wa salamu kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Gazi. Huyu nimweleze. Mama mkwe wangu alipomzaa shemeji aliugua, maziwa yakakatika. Mama huyu wa Gazi alikuwa na mtoto wake mchanga, akampokea na huyu wetu, akawanyonyesha wote wawili. Wake hakuishi. Huyu wetu akaishi, akatembea, akachukuliwa akarudishwa kwao Msambweni. Kwa hiyo shemeji alikuwa mwanawe wa ziwa, na kwa sheria yetu huyo ni mtoto kamili. Lakini mtoto mwenyewe aliingia Mombasa angali kijana, na akija huku alikuwa akija na basi na kurudi na basi, na basi halisimami Gazi kwa mtu mmoja. Pikapu yetu hakuwa akiipanda. Alisema abiria wa bure anaongeza mzigo, na mzigo unakula petroli. Nilipomkumbusha habari za yule mama, alikuwa akisema, “Nitakwenda, shemeji, nikipata nafasi.” Nafasi yenyewe haikupatikana mwaka baada ya mwaka.

Mama huyo macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alikuwa akiijua pikapu kwa mngurumo, anasikia tunakuja toka mbali, anatoka na fimbo yake mpaka kandokando ya barabara. Anashika dirisha la mume wangu kwa mikono miwili. Anauliza, mume wangu anajibu, naye anatega sikio na kuuliza tena. Mimi upande wangu, kwa ile injini, nilikuwa sisikii hata neno, naona midomo tu. Nilikuwa nahesabu petroli kwa vidole vyangu mwenyewe.

“Anauliza nini hata haishi?” nilimwuliza mume wangu siku moja.

“Hali,” akajibu, akatia gia.

Shemeji naye mwishowe aliambiwa. Nilimwambia mimi, na nilidhani nafanya jema. Akasema, “Basi dawa yake rahisi. Asisimame.”

Mume wangu akatii. Lile lilikuwa gari la watu wawili, na mwenye fungu kubwa ameshasema. Akawa anapiga honi, anainua mkono, anapita. Wazee wanageuka, wanabaki wameinua fimbo zao hewani, sisi tumeshapita na vumbi letu tumewaachia. Pale Gazi yule mama alitoka na fimbo yake kama kawaida, akasimama, na mngurumo ukampita. Nilitazama nyuma nikamwona bado amesimama, uso ameuelekeza kule tulikokwenda. Mume wangu hakutazama kioo. Wala hakuimba tena.

Na petroli ikabaki, msiniulize! Shemeji alikuja, akatumbukiza chelewa, akaichomoa imelowa mpaka juu. Alicheka. Nasema alicheka, meno nje, mara ya kwanza tangu niolewe.

“Umeona, shemeji? Umeona?”

“Nimeona,” nikamwambia. “Sasa njoo nyuma uone na huku.”

Nyuma ya pikapu kulikuwa kutupu. Zilikuwamo nazi zangu mimi na gunia moja la mihogo la jirani. Watu walikuwa hawatupatii tena mzigo. Mwanamke mmoja wa Gazi alinishika mkono sokoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwenzangu, tumewakosea nini? Mumeo kapatwa na nini hata hatuamkii?” Wengine hawakuuliza, walisema tu kwamba jamaa ameota mapembe tangu apate gari, wakawapa watu wa lori la Vanga samaki wao. Ndipo petroli ilipobaki. Gari tupu halinywi.

Nyumbani nako mdomo wa mume wangu ukaanza kufunga. Anaoga, anakula, analala. Nikamjua tena yule mkata miwa, nikaingiwa na hofu kubwa. Nilikuwa tayari kumwambia shemeji auze tu, tusikie moja, kuliko kumwona mume wangu anakufa midomo ndani ya pikapu yake mwenyewe.

Tuliokolewa na ubovu. Kabla ya kuingia Gazi barabara inashuka kidogo kuelekea mtoni, na mahali pale siku hizo hapakuwa na nyumba, palikuwa na minazi na majani tu. Asubuhi moja tunashuka, pikapu ikakohoa, ikazima yenyewe. Mume wangu akashika breki, tukasimama katikati ya mteremko. Wanawake wawili walikuwa wakipanda na kuni vichwani. Wakasita kwanza, maana walikuwa wameshazoea kupitwa. Mume wangu akatoa kichwa, “Habari za asubuhi, mama zangu?” Wakatua kuni, wakaja. Kimya, hakuna kinachonguruma. Wakasalimiana polepole mpaka mwisho, za watoto, za shamba, za homa, na hakuna aliyetandika mkeka wala kuangua dafu, kwani pale hapakuwa kwa mtu. Barabara ni ya wote. Walipomaliza wakajitwika kuni zao. Mume wangu akaachia breki, pikapu ikateremka taratibu, akatia gia, ikashika moto yenyewe bila kuzungushwa kwa hendeli.

Akanitazama. Mimi nikamtazama.

“Hujatumia hata tone,” nikasema.

“Hata tone,” akasema, na akaanza kuimba palepale.

Tukaitafuta miteremko. Kila palipoinama na pasipo na nyumba, mume wangu alikuwa akizima na kungoja. Kuzima huku hakukumfanya mtu yeyote awe mgeni. Habari zikaenea upesi, huku kwetu habari haihitaji petroli. Watu wakawa wanatujia wenyewe kwenye miteremko, na salamu zao, na baadaye na vikapu vyao. Yule mama wa Gazi peke yake ndiye hakufika. Kutoka kwake hadi mteremkoni palikuwa na njia ya kupanda na kushuka, na macho ndiyo hayo.

Msimu wa maembe ukafika mwisho. Shemeji akaja kwa basi jioni, akalala kwetu, akatangaza kwamba kesho atapanda pikapu na sisi. Yule mtu wa Taru atakuwa Likoni kwenye feri, anangoja jibu. “Nataka nione kwa macho yangu,” akasema. “Tukifika na mafuta ya kurudia, narudisha neno langu. Tusipofika nayo, nampa gari palepale.” Mume wangu usiku huo chakula kilimshinda.

Asubuhi nikamwachia shemeji kiti changu, nikapanda nyuma juu ya nazi, karibu na dirisha dogo la nyuma lisilo na kioo, ili nisipitwe na neno. Alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya mjini, chelewa ameishika mkononi. Tukasimama mteremko wa kwanza, tukazima, tukasalimu, tukaondoka. Shemeji alipima. Safari hii hakutikisa kichwa. Mteremko wa pili, vilevile. Nilianza kuwa na matumaini.

Tulipozima pale mteremko wa Gazi, nani amesimama chini ya mnazi na fimbo yake? Ameletwa na mtoto wa jirani, amekaa tangu alfajiri anatungoja. Akaja anapapasa bodi ya gari kwa mkono, akalifikia dirisha la mume wangu, akalishika kwa mikono miwili kama zamani.

“Shikamoo, mama,” mume wangu akasema.

“Marahaba, mwanangu. Mlinipita.”

“Tulikupita, mama. Tuwie radhi.”

“Nimewawia. Hujambo?” Wakaanza. Mke hajambo, watoto hawajambo, mkwe mguu umepona, shamba lipo, mbuzi amezaa. Shemeji alikuwa amekaa upande wa pili, anaitazama chelewa. Yule mama hakumwona, angemwonaje.

Kisha akasogeza uso ndani zaidi.

“Na mdogo wako? Yule wa Mombasa, hajambo?”

Mume wangu hakugeuka. Akajibu, “Hajambo, mama. Mzima.”

“Anakula vizuri? Kifua chake hakimsumbui? Alikuwa na kifua alipokuwa mdogo.”

“Hakimsumbui, mama.”

“Alhamdulillahi,” akasema, akashusha pumzi. “Leo nimekusikia. Kila siku nakuuliza, mwanangu, na gari lako lapiga kelele sisikii jibu. Nauliza mara ya pili, sisikii. Naona aibu kuuliza mara ya tatu, nawe umeshaanza kuniuliza zangu. Nikirudi nyumbani sijui umenambia yu mzima au yu mgonjwa.”

Pale nyuma juu ya nazi ndipo nilipoelewa. Zile salamu ndefu, zile nilizokuwa nikizihesabu kwa vidole, kumbe zilikuwa ni hizo. Petroli ile aliyoitafuta shemeji kwenye kabureta, kwenye plagi, juu ya kanga yangu, ilikuwa ikiishia hapa, mama huyu akiuliza kama yeye anakula vizuri au la. Nikatazama ndani kwa lile dirisha dogo. Shingo ya shemeji ilikuwa imelowa jasho.

Akafungua mlango. Nimesema mlango, nisahihishe: akaifungua ile kamba ya kumbi, nami nikainama kumsaidia. Akazunguka mbele ya pikapu. Akafika kwa yule mama, akasimama. Sauti yake ikatoka ndogo.

“Shikamoo, mama. Ni mimi.”

Yule mama akaachia dirisha. Hakupiga kelele, hakulia. Alinyoosha mkono akamgusa bega, akashuka mpaka kifuani, akaubandika mkono wake hapo akakisikiliza kama anayesikiliza maji yanachemka.

“Marahaba,” akasema. “Hujambo?”

“Sijambo, mama.”

“Wala vizuri?”

“Nala, mama.” Yule mtu wa mizani, mtu wa kupima sahani yangu ya wali, alilia pale barabarani mbele ya mtoto wa jirani na mimi, wala hakujifuta. Mume wangu alikuwa amekishika kile kidole chake chenye kovu, anatazama mbele, mtoni.

Yule mama akampa muda wake. Kisha akapiga gari kofi dogo kwa kiganja.

“Gari limezimwa,” akasema. “Nawe umeshuka. Basi twende nyumbani.”

Hakungoja jibu. Alimshika mkono yule mtoto wa jirani, fimbo mbele, akaanza kuipanda njia iliyopita kati ya minazi. Shemeji akatutazama. Akatazama barabara ya Likoni. Halafu akamfuata, viatu vya mjini vinazama mchangani, akavivua akavishika mkononi. Chelewa ilikuwa imebaki kitini.

Nikashuka kutoka kwenye nazi, nikaenda kusimama karibu na mume wangu, tukabaki pale hata baada ya wao kupotea minazini. Jua lilikuwa limeshaanza kuwa kali, na Likoni mtu wa Taru yupo kwenye feri anatungoja.

“Sasa yule wa Taru tumwambieje?” nikamwuliza.

Kabla hajajibu tukasikia, kutoka mbali ng'ambo ya minazi, kuku anakimbizwa.

Mume wangu akacheka mpaka akaegemea usukani. Akatoka, akatafuta jiwe la kuzuilia tairi, akaanza kunishushia nazi zangu moja moja kivulini.